Uzima, Uzazi, Mapendo: Simu Mkononi mwa Reko wa Mutoshi

Mtu anapomfundisha mwenzake kazi ya kutunza uzima wa watu, kuna kitu kinachotoka kwake na kuingia kwa yule anayefundishwa, na wanafalsafa hawajapata kukubaliana kitu hicho ni nini: wapo wanaosema kwamba ni maarifa tu, yaani habari zilizopangwa vizuri ambazo zinaweza kuandikwa, kunakiliwa na kutumwa popote bila kupungua, na wapo wanaoshikilia kwamba maarifa ni ganda la nje, na kwamba kiini chake ni namna ya kuwa mtu, ambayo haipatikani ila kwa kukaa karibu na mtu mwingine aliyekwisha kuwa nayo. Mjadala huo ungeweza kubaki vitabuni, lakini kwa kuwa mafunzo ya wahudumu wa afya yamehamia kwa kasi kwenye simu na tableti, serikali, mashirika na wafadhili wanalazimika kuuamua kwa vitendo hata kama hawakuwahi kuusoma. Insha hii inalitazama swali hilo kutoka Mutoshi, pembeni mwa mji wa Kolwezi katika jimbo la Lualaba, kwa sababu mahali hapo pana haki mbili za kusikilizwa juu yake: ardhi yake ina kobalti, madini yanayowekwa ndani ya betri za simu hizohizo zinazobeba mafunzo, na migodi ya ukanda wake iliwahi kuzaa jibu la kina juu ya maana ya kufundisha, jibu lililotolewa kwa Kiswahili na watu waliokuwa wakiishi kwa kazi ya mgodini.

Yafaa kwanza kueleza ni nani anayefundishwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imegawanywa katika zoni za afya zaidi ya 500, mpango ambao ulipimwa katika miaka ya 1970 mahali kama Kasongo, huko Maniema, na kuenezwa nchi nzima katika miaka ya 1980, baada ya Azimio la Alma-Ata la 1978 kutangaza kwamba huduma ya afya ya msingi inapaswa kumfikia kila mtu pale anapoishi. Kila zoni ina maeneo madogo, kila eneo lina kituo cha afya chenye muuguzi anayekisimamia, na chini ya kituo, mitaani na vijijini, wapo wale ambao Kifaransa cha serikali huwaita relais communautaires, yaani wapokezanaji wa jamii, na ambao watu wamelikata jina lao kuwa reko. Reko ni mkaazi wa mtaa uleule anaouhudumia, ambaye pamoja na shughuli zake za kujitafutia chakula hupita nyumba kwa nyumba akihimiza chanjo, akimtambua mtoto mwenye utapiamlo kwa mkanda wa rangi unaozungushwa mkononi, na kupeleka kituoni habari za mtu anayeharisha kabla kipindupindu hakijashika kisima. Kwa kawaida hana mshahara. Kazi yake huitwa ya kujitolea, na neno hilo litarudi mbele kwa sababu lina uzito kuliko linavyoonekana.

Mutoshi zamani uliitwa Ruwe, mgodi ambao mwanzoni mwa karne ya 20 ulitafutwa kwa dhahabu yake kabla shaba na kobalti hazijautawala. Mnamo 1953 alifika upande huo wa Kolwezi padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, ambaye mwaka 1945 alikuwa amechapisha huko Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, kitabu chake mashuhuri juu ya falsafa ya Kibantu. Kitabu hicho kilidai kwamba kwa Wabantu kuwa ni kuwa na nguvu ya uzima, nguvu inayoongezeka au kupungua kufuatana na mahusiano ya mtu na wengine. Lakini jambo lenye maana zaidi kwa mada hii lilitokea baada ya kitabu, kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi, ambako Tempels alianza kukutana na mafundi na vibarua pamoja na wake zao, na kutokana na makutano hayo ikazaliwa harakati ya kidini iliyojiita Jamaa. Ilienea Katanga yote, jimbo ambalo Lualaba ilikuwa sehemu yake, na kwingineko, ikaendelea baada ya Tempels kuondoka Kongo mwaka 1962, na mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili cha migodini. Mhimili wake ulikuwa maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo.

Neno la katikati ndilo linalohitaji kuelezwa, kwa kuwa siku hizi likitamkwa karibu na hospitali msikilizaji hufikiria wodi ya wajawazito. Katika Jamaa uzazi ulikuwa na maana hiyo na zaidi ya hiyo. Kufundisha kulihesabiwa kuwa kuzaa: mume na mke waliokwisha kupita hatua fulani waliwapokea mume na mke wengine, wakakutana nao mara nyingi kwa muda mrefu, wakawafungulia mawazo yao na kuyapokea ya wale wengine, mpaka wale waliofundishwa wakawa watoto wao wa kiroho, na waliowafundisha wakaitwa baba na mama. Fundisho halikumalizika mwanafunzi alipojua jambo alilokuwa halijui. Lilimalizika alipoweza naye kuzaa. Mwalimu asiyezaa walimu, kwa mantiki hiyo, hajafundisha, hata akijaza vichwa mia moja kwa maneno yaliyo sahihi. Kipimo hicho ni kikali, nacho ndicho kinachopendekezwa hapa kuwa kipimo cha mafunzo yanayopitia kwenye simu.

Na kipimo cha namna hiyo hujulikana thamani yake kikishushwa hadi kwenye kazi yenyewe, kwa mfano kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa. Kanuni ni fupi na inaingia kwenye simu bila taabu: mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayevuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, au mtoto wa mwaka 1 hadi 5 anayevuta mara 40 au zaidi, anapumua haraka, na hiyo ni dalili ya nimonia inayotaka dawa, na ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, hatari imepanda na apelekwe kituoni bila kungoja kesho. Video fupi huonyesha kifua kinachobonyea vizuri kuliko mchoro wowote wa ukutani, na reko anaweza kuirudia usiku, watoto wake wakiwa wamelala, mara tatu au mara kumi, bila kumwonea haya mkufunzi kwa kuwa hajaelewa. Katika jambo hili simu imeshinda, na hakuna sababu ya kuficha ushindi wake.

Lakini uani mwa nyumba mtoto hatulii. Analia, na pumzi za mtoto anayelia hazihesabiki; mama anampa ziwa ili anyamaze, na kifua kinapotea ndani ya kitenge; jirani anasogea kuuliza kuna nini, jua linahama, na mkononi mwa reko saa ya simu imekwisha kuanza kuhesabu sekunde. Inampasa aombe nguo iinuliwe bila kumfanya mama ajione anachunguzwa, ashuke mpaka macho yake yawe sawa na kifua cha mtoto, angoje kilio kipungue, kisha ahesabu dakika nzima. Si nusu dakika na kuzidisha mara mbili, kwa maana pumzi za mtoto mdogo hazilingani, na sekunde thelathini zinaweza kudanganya. Wakati huo hakuna anayemwona. Akiandika 38 pale palipokuwa na 52 kwa sababu amechoka na bado ana nyumba sita mbele yake, simu itaipokea namba hiyo kwa utii uleule ambao ingeipokea ya kweli. Kinachomfanya akae dakika nzima ni uaminifu, na uaminifu wa namna hiyo mtu huupata kwa kumwona mtu mwingine akikaa, yaani muuguzi fulani aliyewahi kuchuchumaa mbele yake na kungoja, kana kwamba mtoto yule ndiye mgonjwa pekee duniani. Hapo ndipo wale wanaosema kwamba fundisho ni namna ya kuwa mtu wana haki.

Hata hivyo itakuwa kosa kuusifu uwepo wa mwalimu kana kwamba kila uwepo ni kukutana. Nusu karne ya mafunzo ya wahudumu wa afya katika Afrika Mashariki na Kati imejaa semina za siku tatu katika ukumbi wa mjini, ambamo mkufunzi husoma maandishi ya ukutani katika lugha ambayo nusu ya waliohudhuria huifuata kwa shida, watu wakatia saini, wakapokea posho na nauli, na kurudi kwao wakiwa na fulana yenye nembo. Mwalimu yupo, wanafunzi wapo, na hakuna kilichozaliwa. Jamaa yenyewe iliijua hatari ya upande wa pili, kwani ukaribu wa mwalimu na mwanafunzi ukizidi kipimo huweza kugeuka usiri na utawala wa mtu juu ya mtu, na katika miaka ya 1970 maaskofu wa Katanga walichukua hatua juu ya makundi yaliyodaiwa kupotoka njia. Zaidi ya hayo, kuna watu ambao uwepo wa mwalimu haungewafikia kamwe. Huko Kenya, kuanzia 2005, shirika la Amref na Baraza la Wauguzi waliwawezesha wauguzi wenye cheti kusomea diploma kwa njia ya kompyuta wakiwa katika vituo vyao vya kazi, kwa maana vyuo havikuwa na nafasi za kutosha na kumwondoa muuguzi wa pekee kwenye zahanati ya mbali kwa miaka miwili ni kuifunga zahanati. Aliyesoma hivyo hakukosa uzazi. Mara nyingi alikuwa amekwisha kuzaliwa katika kazi, kwa mikono ya wakunga na wauguzi waliomtangulia, na kompyuta ilimwongezea lishe. Tofauti kati ya kuzaliwa na kulishwa ni ya msingi, nayo husahauliwa na wanaodhani kwamba kilichofaa kwa muuguzi mwenye miaka kumi kazini kitamfaa vilevile reko aliyechaguliwa wiki iliyopita.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019 juu ya matumizi ya teknolojia za kidijitali katika afya, lilipendekeza mafunzo ya kupitia simu kwa wahudumu kwa sharti kwamba yaongezwe juu ya njia za kawaida za kufundisha na yasichukue mahali pake. Sharti hilo ni la busara. Ila mtu akilitazama kwa jicho la falsafa, huona kwamba halijagusa swali lililo chini yake, kwa sababu linachukulia kwamba kuna upande mmoja wenye ujuzi na upande mwingine unaongoja kupewa, na kwamba kilichobaki ni kuchagua vyombo vya kuusafirishia. Mutoshi ni mahali pazuri pa kuona kwa nini dhana hiyo haitoshi.

Lawama inayosaidia kuliona hilo ni ya zamani. Mwaka 1950 mshairi wa Martinique, Aimé Césaire, katika kitabu chake kidogo juu ya ukoloni, alimshambulia Tempels kwa ukali. Hoja yake, kwa maneno machache, ilikuwa kwamba kuwaambia Wazungu wa Kongo kwamba Mbantu hahitaji kwanza mshahara wala nyumba bora, bali anahitaji kuheshimiwa kwa nguvu yake ya uzima, ni kuyapa makampuni ya Kibelgiji zawadi isiyo na gharama: shaba itaendelea kutoka, na malipo yatakuwa heshima. Inawezekana Césaire hakumtendea haki Tempels wa baadaye, yule wa Jamaa, ambaye wakati huo hakuwa bado amekutana na watu wa Kolwezi. Lakini hoja yenyewe haijazeeka. Katika hotuba na ripoti nyingi reko husifiwa kwa moyo wake wa kujitolea, kwa upendo wake kwa jamii, kwa utu wake wa Kiafrika. Kisha hupewa simu, masomo yanayozidi kuongezeka, fomu zinazozidi kurefuka, na namba za kutuma kila mwezi, wakati chakula cha watoto wake kimeachiwa upendo huohuo. Neno mapendo, ambalo kwa watu wa Jamaa lilikuwa kifungo cha pande mbili, mimi kwako na wewe kwangu, hapa limegeuzwa kuwa kifungo cha upande mmoja. Wanaotumia teknolojia kuongeza kazi ya reko bila kuongeza haki yake wanafanya, kwa nia njema kabisa, kile ambacho Césaire alikilaumu. Mafunzo bora hayawezi kutibu dhuluma hiyo, na simu nzuri huifanya iwe ngumu zaidi kuonekana, kwa maana mtu aliyepewa kifaa cha thamani huonekana kama amelipwa.

Mwanafalsafa wa Benin, Paulin Hountondji, aliyefariki mwaka 2024, aliendelea mbele ya Césaire. Alisema kwamba kitabu cha Tempels kiliwazungumzia Wabantu bila kuzungumza nao, kwani wasomaji wake walikuwa Wazungu na Wabantu walikuwa mada. Na kutokana na lawama hiyo alijenga wazo pana zaidi, kwamba elimu katika Afrika ya baada ya ukoloni inaelekea nje kama uchumi wake unavyoelekea nje. Katika uchumi, madini ghafi hutoka na bidhaa zilizokamilika hurudi. Katika elimu, takwimu, sampuli na mahojiano hutoka, zinachambuliwa na kupewa nadharia mahali pengine, kisha hurudi kama kitabu, mtaala na mwongozo ambao wale waliotoa takwimu wanatakiwa waufuate. Kwa Hountondji huu ulikuwa mlinganisho. Huko Lualaba umekuwa maelezo ya neno kwa neno. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa yake hutoka katika ukanda wa Kolwezi na Fungurume, ikapakiwa kwenye malori, ikasafishwa na kugeuzwa betri katika nchi za mbali, na kurudi ndani ya simu. Katika simu hiyo reko anasoma somo lililotungwa mbali, na kutoka kwenye simu hiyo huzituma namba za mtaa wake. Jiwe jeusi na namba za mtaa hutoka kwa njia moja, na kifaa na somo hurudi kwa njia ile nyingine.

Kasulo ni mtaa wa Kolwezi, na ni hapo mlinganisho unapoacha kuwa wazo tu. Mwaka 2014 iligunduliwa kwamba chini ya nyumba za mtaa huo kuna kobalti, na watu wakaanza kuchimba viwanjani mwao, wengine ndani ya vyumba, wakishuka kwa kamba kwenye mashimo membamba na kupandisha mifuko ya mawe yaliyomwagwa karibu na jiko na mahali watoto wanapocheza. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima damu na mkojo wa wakaazi: watoto wa mahali palipochimbwa walikuwa na kobalti kwenye mkojo mara kumi hivi ya watoto waliokaa mahali pasipochimbwa, na kulikuwa na dalili za kuharibika kwa vinasaba vyao, yaani maandishi ya ndani ya chembe za mwili yanayoongoza ukuaji wake. Vumbi hilo hubeba pia urani na metali nyingine. Halina homa inayojulikana kwa kipimo cha kidole kama malaria, wala halina kampeni ya chanjo. Ni ugonjwa usio na jina la nyumbani.

Mtaala wa jumla, uliotungwa ili ufae katika nchi thelathini, hauwezi kuwa na sura ya vumbi la Kasulo, na hilo si kosa la waliouandika. Kosa ni kudhani kwamba umekamilika. Reko wa Mutoshi au Kasulo akifuata masomo yote kwa bidii atajua malaria, surua, kuharisha, lishe na uzazi wa mpango, na atayajua vizuri, lakini yale anayoyaona kila siku na ambayo mtaala hauyajui hayana mahali pa kuingia: kwamba ukuta wa nyumba fulani umekuwa mweusi upande wa barabara ya malori, kwamba kikohozi cha watoto wa mstari ule hakipungui msimu wa mvua ukianza kama kinavyopungua kwingine, kwamba mama anayeosha mawe mtoni akiwa na mimba haendi kliniki kwa kuogopa maswali. Naye, kwa mujibu wa mafunzo, anaitwa mpokeaji.

Kipimo cha uzazi kinarudi hapa kikiwa na makali yake yote. Kama aliyefundishwa ni yule anayeweza kuzaa, basi mafunzo ya simu yatakuwa ya kweli siku reko wa Mutoshi atakapoweza kumfundisha aliyemfundisha, somo likabadilika kwa sababu yeye amesema. Jambo hilo halipingani na teknolojia. Kinyume chake, simu ni chombo ambacho kwa umbo lake kinaweza kupeleka maneno juu kwa urahisi uleule kinavyoyashusha: kitabu hakikuweza, redio haikuweza, ukuta wa kituo haukuweza. Kwamba kwa kawaida hutumiwa kushusha masomo na kupandisha namba peke yake ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu unaweza kulaumiwa na kubadilishwa. Muuguzi wa kituo, akiwa na kikundi cha mareko kumi kwenye simu yake, akiwajua kwa majina na kwa nyumba zao, akisikia sauti ya mmoja akieleza alichokiona asubuhi na kumwuliza mwingine kama naye amekiona, yuko karibu na baba na mama wa Jamaa kuliko mkufunzi wa ukumbini. Huko ni kukutana, hata kama kati yao kuna kilomita arobaini za barabara mbovu.

Wapo wanaouliza swali lililotangulia yote haya, kama ni halali hata kuigusa simu hiyo, ikiwa betri yake ina kobalti iliyopandishwa kwa kamba na kijana asiye na helmeti, mwenye familia ambayo reko ndiye anayeihudumia. Swali hili linaulizwa kwa dhati, na halifai kupuuzwa. Lakini kuikataa simu hakumtoi yeyote shimoni. Kunamnyima reko tu kile ambacho kila mtu mwingine duniani anakitumia bila kujiuliza. Inafaa zaidi kulitazama kwa njia ya deni. Simu inayofika Mutoshi haifiki kama msaada, kwa sababu sehemu ya mwili wake ilitoka hapo. Inafika ikiwa mdaiwa. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika methali hiyo kupona kwa mwenyeji ni haki inayotarajiwa ya ziara, si fadhila ya mgeni. Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyochimba madini ya Katanga wakati wa ukoloni, tangu miaka ya 1920 ilijenga hospitali, ikawapima watoto uzito na kuwapa wake wa wafanyakazi mafunzo ya usafi, lakini hesabu yake ilikuwa kwamba mfanyakazi mwenye afya huchimba zaidi. Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi baada ya 1966, iliendeleza hospitali na shule hizo, na ilipodhoofika, mpaka wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoshwa mwaka 2003 kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, familia nyingi za Kolwezi zilipoteza ajira na daktari kwa pamoja. Uzima uliotolewa kama chombo cha uzalishaji huondoka pamoja na uzalishaji. Anayefundisha afya katika ardhi yenye kumbukumbu hiyo anapaswa kujua kwamba wanaomsikiliza wamekwisha kutunzwa mara moja, na kuachwa mara moja.

Kumbukumbu ya Mutoshi yenyewe ni ya karibu zaidi. Kati ya 2018 na mwanzo wa 2020 palikuwa na mradi wa majaribio uliowaweka wachimbaji wa mikono ndani ya uzio, wakiwa na vifaa vya kujikinga, mashine zikiondoa udongo wa juu ili wasichimbe mashimo marefu ya wima, watoto na wajawazito wakizuiwa kuingia. Ulisimamishwa korona ilipoingia nchini, Machi 2020. Jambo hilo lina fundisho kwa kila mtaala wa afya unaoishia kwenye mwenendo wa mtu binafsi. Mchimbaji aliyefundishwa hatari ya shimo hakuiondoa akili yake siku uzio ulipokosa mlinzi. Kilichoondoka ni hali iliyomwezesha kuutii ujuzi wake. Vivyo hivyo mama wa Kasulo anayeambiwa na reko amwagie maji sakafu kabla ya kufagia ili vumbi lisipande ameambiwa jambo la kweli, lakini maji anayanunua kwa dumu, na vumbi linaingia upya kila lori linapopita. Ikiwa mafunzo yanamhesabia mama huyo alama za tabia na hayamhesabii mwenye lori chochote, yamekuwa mafunzo yanayomhukumu aliyeumizwa.

Limebaki suala la lugha, ambalo wapangaji wengi hulichukulia kuwa kazi ya mwisho, ya kumpa mfasiri. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 ukiwa umeua watu zaidi ya 2,200, ilidhihirika kwamba ujumbe ulioandikwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu haukueleweka sawasawa na watu wanaozungumza Kiswahili cha huko, na kwamba maneno mengine ya kitabibu yaliwatisha au kuwaudhi. Kiswahili cha Kolwezi nacho kina njia yake, kilichokua kwenye kambi za migodi kikichukua Kiluba, Kibemba na Kifaransa, na ni ndani ya Kiswahili hicho watu wa Jamaa walifikiria juu ya Mungu, nafsi na ndoa kwa kina kilichowashangaza wataalamu waliokuja kuwasikiliza. Lugha iliyoweza kubeba fikra hizo inaweza kubeba elimu ya mapafu, damu na vumbi, mradi wanaoizungumza ndio wanaoitafutia maneno, wakikaa na daktari anayeeleza na bibi anayekumbuka.

Mareko wengi, pamoja na simu, bado wana daftari. Simu ina nafasi ya umri, jinsia, dalili na siku ya kupelekwa kituoni, na ikijazwa husema imekamilika. Daftari lina mistari mitupu, na katika mistari hiyo huweza kuandikwa, kwa kalamu ya bluu na kwa tahajia ya nyumbani, kwamba mtoto wa nyumba ya tatu anakohoa tangu jirani alipoanza kuchimba, na kwamba mama yake ameuliza ni nini hiki. Swali la mama huyo ni la kisayansi kwa ukamilifu wake: lina sababu inayodhaniwa, lina wakati, lina mahali. Kinachosubiriwa ni mtu upande wa pili wa simu mwenye wajibu wa kulisoma, mwenye uwezo wa kulipeleka maabara ya Lubumbashi, na mwenye adabu ya kurudi na jibu kwa jina la aliyeuliza, akisema pia, pale ambapo jibu halijapatikana, kwamba bado linatafutwa na ni nani analitafuta.